Kabla ya mkataba: miaka ya mwanzo ya mchezaji wa netiboli wa kulipwa

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie mabinti hamjambo? Haya. Wazazi nawaona mmekaa huku mbele, walimu wa michezo mmejibana kule nyuma, wachezaji mko katikati na traksuti zenu, mmependeza. Naomba mnivumilie nitaongea vile ninavyoongea uwanjani, sina karatasi ya kusoma.

Nimepewa mada ya mwanzo wa maisha ya mchezaji wa netiboli wa kulipwa na nimeikubali haraka maana ni kitu kinaniuma. Kila shule nikienda swali ni lile lile, kocha nifanyeje nikacheze nje, na wanaliuliza kama vile kuna mlango mmoja pale airport ukishaupita tu basi ushakuwa profesheno. Sasa mi nataka tuongelee ile miaka ya kabla ya airport. Miaka ambayo hakuna kamera wala mtu wa kukuandika gazetini, upo na mpira, upo na shule, na nyumbani wanakuuliza huo mpira utakulisha lini. Mkataba ukija unakuta mchezaji ameshatengenezwa tayari, au hajatengenezwa, na kama hajatengenezwa hauji kabisa.

Nitamtumia dada yetu wa hapa jirani, Peace Proscovia wa Uganda. Mnaofuatilia She Cranes, timu ya taifa ya Uganda, mnamjua, yule mrefu GS, mfungaji wa chini ya pete, aliyekuwa kapteni, mita 1.93 hivi. Nimemchagua yeye kwa sababu hakutoka kwenye akademi ya mamilioni. Katokea Arua, kule West Nile, kaskazini magharibi kabisa ya Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, huko Kiswahili unakisikia sokoni vizuri tu. Kutoka Arua mpaka Kampala ni karibu kilomita 500. Yaani kwa hapa kwetu ni kama mtoto wa Kigoma au Songea, wa mbali na kila kitu, mbali na makao makuu ya chama na mbali na waandishi wa habari. Kwa hiyo mtu asiniambie sisi wa mkoani hatuonekani. Huyu naye alikuwa wa mkoani.

Njia yake ilipitia wapi? Shule, chuo, na timu ya kampuni, hivyo hivyo tu. Alisoma Chuo Kikuu cha Ndejje, na Uganda vyuo vile vina utaratibu wa kuwapa wachezaji nafuu ya ada ili wachezee chuo, na huku akawa anachezea klabu ya NIC. NIC ni shirika la bima! Ndio, kampuni ya bima ndo yenye klabu kubwa ya netiboli Uganda, na mpinzani wao mkubwa ni Prisons, timu ya Magereza. Nyie mnacheka lakini angalieni kwetu: JKT Mbweni ni jeshi, Jeshi Stars jina lenyewe linajieleza, Uhamiaji, Magereza, Polisi. Netiboli ya Afrika Mashariki yote imebebwa na waajiri. Hatuna matajiri wanaonunua klabu za akina dada kama wanavyogombania zile za wanaume, tuna taasisi ambazo zinakupa ajira na jioni unafanya mazoezi.

Na hapa nataka niseme kitu ambacho watu hawakipi heshima yake. Timu ya taasisi ndio uprofesheno wa kwanza wa msichana wa huku. Ukiajiriwa jeshini au Uhamiaji kwa sababu ya kipaji chako, unalipwa mshahara mwisho wa mwezi, una bima ya afya, una kocha wa kila siku, unasafiri na timu kwenda mashindano ya klabu za Afrika Mashariki unakutana na hao hao NIC na Prisons, hiyo sio kitu kidogo jamani. Mwenzako wa Ulaya miaka ile ile alikuwa anacheza Superleague ya Uingereza huku mchana anafundisha shule au yuko ofisini, maana ligi ile kwa muda mrefu haikuwa na hela ya kumlipa mtu akakaa anacheza mpira tu. Irene van Dyk, yule mfungaji mkubwa aliyetoka Afrika Kusini akahamia New Zealand mwaka 2000, alikuwa mwalimu. Mwalimu wa darasani kabisa, na mwaka 2003 kachukua ubingwa wa dunia. Kwa hiyo msione aibu ya kuwa askari mcheza mpira. Tatizo letu liko kwingine na nitalisema.

Turudi kwa Peace. Mwaka 2012 kulikuwa na mashindano ya dunia ya netiboli ya vyuo vikuu, Cape Town. Uganda ilipeleka timu na yeye akiwemo, na huko ndiko Waingereza wa Loughborough walikomuona. Sasa sikilizeni vizuri hapa, hasa nyie wazazi: kilichomtoa ni mashindano ya VYUO. Asingekuwa mwanafunzi asingekuwepo Cape Town. Angekuwa na urefu ule ule, na mkono ule ule wa kufunga, yuko zake nyumbani, na hakuna mtu angejua. Na klabu iliyomtaka, Loughborough Lightning, ni klabu ya chuo kikuu, inamilikiwa na chuo chenyewe, kwa hiyo alipoenda hakwenda kucheza tu, akaendelea na masomo pale pale. Mzazi anayemwambia binti yake chagua moja, mpira au shule, anamfungia mlango ambao wenzetu walipitia.

Halafu angalieni tarehe. Kaonekana 2012, kaanza kuichezea Loughborough 2015. Hapo katikati miaka inapita na mchezaji hajui kama itakuwa au haitakuwa. Katika kipindi kama hicho ndio wengi wanapotea, anasema wale wazungu waliniahidi hawajarudi, anaacha mazoezi, ananenepa, anaolewa, na siku simu inalia hana tena kiwango. Peace aliendelea kufunga NIC na timu ya taifa. Kwa hiyo alivyofika Uingereza alifika yuko moto, na msimu wake wa kwanza tu akawa mchezaji bora wa ligi. Mganda wa kwanza kucheza ligi ile, mwaka wa kwanza, mchezaji bora. Mwaka ule ule akaiongoza Uganda Kombe la Dunia Sydney wakamaliza nafasi ya 8.

Sasa ngoja niingie uwanjani kidogo maana walimu mmekuja kujifunza, na mi nikikaa kwenye stori tu nitawaangusha.

Goli letu lina urefu wa mita 3.05 na ile pete ina kipenyo cha milimita 380. Mpira wenyewe namba 5, ukiupima mzunguko ni kama sentimita 70, maana yake kipenyo chake ni kama sentimita 22. Toa hapo: nafasi inayobaki ni sentimita 16, ukigawa kila upande ni 8, upana wa kiganja bila kidole gumba. Na hakuna ubao nyuma kama wa basketi. Mpira ukikosa pete hakuna kitu cha kuurudisha, unapita zako nje. Sasa mtoto anayerusha mpira umelala, yaani unakwenda umenyooka kama anampasia mtu, pete anaiona nyembamba kama yai, ule mwanya wa 8 haupo tena. Ndo maana tunasema peleka juu. Mkono unyooke juu ya kichwa, mpira ukae kwenye vidole usikae kwenye kiganja, magoti yajikunje kidogo, nguvu itoke chini, kiganja kimalizie kwa kuinama kama unachungulia ndani ya pete kwa vidole. Ukiutoa juu unashuka kutokea juu na pete yote inakuwa yako. Wafungaji wa ligi zile wanategemewa katika mipira 10 waweke 9 na zaidi, na hawapati hivyo kwa kipaji, wanapata kwa kurusha mamia kila siku baada ya wenzao kwenda kuoga.

Hiyo inawezekana hapa hapa. Nguzo moja na pete ya nondo mafundi wanachomelea, haihitaji kiwanja kizima. Kitu ninachowaomba walimu, pimeni! Nimezunguka shule nyingi nakuta pete imewekwa chini ili watoto wafunge wafurahi, au pete pana kama sufuria la ubwabwa wa shughuli. Unamdanganya mtoto. Akienda UMISSETA, mashindano ya sekondari, anakuta pete halali anakosa zote analia, anadhani amelogwa, kumbe mwili wake umezoea goli lingine.

Kingine cha walimu, na hiki naongea kwa uchungu. Mtoto akiwa mrefu darasa la sita tunamkamata tunampachika GS, simama hapo chini ya pete, inua mikono, tutakuletea. Shule inashinda kweli, mnapata kombe, mnapiga picha. Lakini yule mtoto anakaa miaka sita kasimama. Hajui kukimbia kupokea, hajui kugeuka hewani, hajui kupasia mtu aliyebanwa. Kule juu mabeki nao warefu, GK, beki anayelinda goli, ana mita 1.90 na anaruka, na sheria inamwambia akae tu sentimita 90 kutoka mguu wako uliotua, akishakaa hapo anakunyooshea mkono usoni. Ukisimama kama nguzo ya pili anaupangua mpira kila ukija. Mfano mzuri wa mfungaji anayehama hama ni Mwai Kumwenda wa Malawi. Mtafuteni kwenye video muangalie. Hasimami. Anaingia, anatoka, anapokea akiwa anaanguka nje ya mstari, anafunga kwa mkono mmoja mwili umepinda, mabeki hawajui wamshike wapi. Katokea Mzimba, kaskazini ya Malawi, na yeye hakuanzia juu, alienda Australia akachezea ligi ya jimbo la Victoria kwanza, ligi ya chini, halafu ndo Mainland Tactix kule Christchurch, New Zealand, halafu 2017 Melbourne Vixens ligi kuu ilipoanza upya Australia. Akiwa na Vixens mshipa wa goti ule wa ACL ulimkatika, akakaa nje, akarudi, 2020 akabeba ubingwa wa ligi.

Goti sasa. Hili la goti mnisikilize mabinti. Mchezo wetu ni wa kuruka na kutua na kuganda. Sheria haikuruhusu kutembea na mpira, ukishatua unao mguu mmoja wa kusimamia, na mpira una sekunde 3 uwe umeshautoa. Yaani unatoka mbio kubwa, unaruka, unatua, mwili wote usimame papo hapo. Nguvu yote ile inakwenda wapi? Kwenye goti. Na mtoto wa kike akishavunja ungo mwili unabadilika haraka, nyonga zinapanuka, misuli ya mapaja nyuma bado haijawa na nguvu ya kutosha, anatua magoti yameingia ndani yanagusana. Hapo ndo ACL inakatika, na mara nyingi hakuna hata mtu aliyemgusa. Mwalimu ukitaka kumsaidia mtoto kufika mbali fundisha kutua kabla ya kufundisha kufunga. Atue kwa miguu miwili, upana wa mabega, magoti yaangalie mbele, makalio yashuke kama anakaa kwenye kigoda. Dakika 10 kila siku kabla ya mpira. Haigharimu hata shilingi.

Na viwanja vyetu ni vya udongo au zege. Kule wanacheza ndani, sakafu ya mbao inayonesa. Mchezaji wa huku akifika kule kinachomshangaza cha kwanza ni mguu: raba inashika sana, akitua haitelezi hata kidogo kama alivyozoea kwenye vumbi, kile kikatelezo kidogo tulichokuwa tunakitumia kupunguza mwendo hakipo, na waamuzi wa kule kwenye mguu ni wakali, ukiburuza kidogo filimbi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza unaweza ukaonekana hujui mpira, mpira wako wote unapigiwa stepu, yaani umetembea na mpira. Sio kwamba hujui. Mwili unajifunza sakafu mpya.

Hapo bado baridi. Bado chakula. Bado kuamka saa kumi na moja asubuhi kwenda kunyanyua vyuma na wenzako wamenyanyua tangu wana miaka 15 na wewe chuma chako kilikuwa ndoo ya maji. Bado kocha anaongea lugha yake haraka haraka kwenye mapumziko ya robo, na mapumziko yenyewe ni dakika chache, kama hujashika alichosema unaingia uwanjani hujui unafanya nini. Kiingereza mabinti, someni. Siongelei Kiingereza cha kujifaharisha, ni cha kumuelewa kocha anavyokwambia shika nafasi ya nyuma, zungusha beki, mpe GA, yaani mfungaji mwenzako, mstari wa mbele.

Peace alikaa Loughborough mpaka 2018 halafu akaenda Australia, Sunshine Coast Lightning, msimu wa 2019, Mganda wa kwanza tena kwenye ligi ile. Na huku nyuma Loughborough wakamchukua nani? Mary Nuba Cholhok, Mganda, GS, kutoka NIC hiyo hiyo. Mnaona? Mtu mmoja alivyofanya vizuri na kuishi vizuri na watu, mlango haukufungwa, akapita mdogo wake. Na Mary kawa mfungaji tishio kabisa, Loughborough wamechukua ubingwa 2021, wamechukua tena 2023, yeye akiwa pale mbele. Na Uganda Kombe la Dunia wametoka nafasi ya 8 mwaka 2015, 7 mwaka 2019, 5 mwaka 2023 Cape Town, mara ya kwanza kombe lile kuchezwa Afrika. Nafasi ya tano duniani, mbele ya Afrika Kusini waliokuwa wenyeji. Hawa tunapanda nao basi moja kwenda mashindano ya Afrika Mashariki! Sisi na Taifa Queens wetu, timu yetu ya taifa, tuna watoto wa UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, wanaoruka kama swala, nimewaona kwa macho yangu, na bado.

Na bado. Ndo lile tatizo nililosema nitalisema. Kwetu mnyororo unakatika sehemu moja, kidato cha nne. UMITASHUMTA ipo, shule za msingi zinashindana mpaka taifa. UMISSETA ipo. Halafu msichana anamaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri maana kipindi cha mitihani alikuwa kambini na hakuna aliyemfidia masomo, anarudi nyumbani. Majeshi yanachukua wachache, wengine wote kimya. Chuo hafiki kwa hiyo mashindano ya vyuo hayamuhusu. Miaka 17 mpaka 20, ile ambayo Peace alikuwa anajengwa, wa kwetu anauza genge la mama yake. Sina ubaya na genge. Ninasema mkono ule ulitakiwa uwe unafunga. Mwalimu mkuu anayemtoa binti darasani kumpeleka kambini kwa sababu ya kombe la shule ajue anadaiwa masomo ya yule binti, amtafutie mwalimu wa ziada, amfuatilie, hilo ni deni.

Na kuna wengine wanakatikia kwenye mimba. Hapa huwa ukumbi unakuwa kimya na mi siwezi kuruka. Jhaniele Fowler wa Jamaica, huyu kwa wengi ndo mfungaji mkali kuliko wote wa kizazi hiki, mita 1.98, alizaa akiwa bado binti, mwaka 2009. Hakuishia hapo. Akaingia timu ya taifa ya Jamaica, 2013 akaenda New Zealand kuchezea Southern Steel, 2018 West Coast Fever kule Perth, mchezaji bora wa ligi mara kadhaa, 2022 ubingwa. Binti yangu uliyezaa, kama upo humu, mwili wako haujaisha. Na toka Novemba 2021 serikali yetu ilitangaza wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi shule rasmi. Walimu muwapokee, na mkiwapokea darasani muwapokee na uwanjani. Nimeona shule inamrudisha mtoto darasani lakini kwenye timu wanamwambia wewe mama wa mtu kaa pembeni. Kwa nini? Nani alisema hivyo?

Haya, hela. Najua mnaisubiri. Ligi ya Australia ilivyoanza 2017 mshahara wa chini wa mchezaji ulikuwa dola za Australia 27,375 kwa mwaka, na wastani ulikuwa kama 67,500, na hiyo ilikuwa ni kupanda zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa wanapata. Ndo ilikuwa ligi yenye hela kuliko zote. Timu 8, kila timu wachezaji 10 wenye mkataba. Pigeni hesabu: ni nafasi 80 na nyingi zinachukuliwa na wenyewe. Sikwambii hivyo kukukatisha tamaa. Nakwambia ili ujue kwamba anayeenda ni yule aliye bora kuliko mtu wao, sio anayelingana naye. Uingereza hela ilikuwa chini zaidi ya hapo, na kupanga nyumba kule kunakula mshahara, kwa hiyo kwenye mkataba usiangalie namba ya mshahara peke yake. Nyumba nani analipa. Tiketi ya ndege kwenda na KURUDI nani analipa. Nikiumia matibabu ni ya nani na mshahara unaendelea? Viza ni ya nini, ya kazi au ya masomo, na kama ya masomo ada nani anabeba. Timu ya taifa ikiniita naruhusiwa? Hayo yawe yameandikwa, kwenye simu mtu anaweza kukuahidi chochote.

Kuna binti niliyemfundisha, alipata mtu wa mtandaoni anajiita wakala, akamwambia tuma hela ya kuandaa viza timu ya Ulaya inakusubiri. Familia ikauza ng'ombe. Hakukuwa na timu, hakukuwa na viza, namba ikazimwa. Alikuwa GA mzuri sana yule, aliacha mpira kwa aibu na mi mpaka leo sijaweza kumrudisha. Klabu inayokutaka kweli inapitia chama, inaandikia CHANETA, chama cha netiboli Tanzania, inaandikia klabu yako, inataka video zako, inataka kukuona unacheza. Haianzi kwa kukuomba hela.

Video. Walimu simu zenu zina kamera nzuri, mnarekodi maharusi. Rekodini mechi nzima ya huyo binti, sio yale magoli tu. Kocha wa kule anataka kuona ukipoteza mpira unafanya nini, unarudi kukaba au unashika kiuno? Simama juu ya kitu, juu ya meza au ghorofani, kiwanja chote kionekane, mita zote 30 na nusu. Andika tarehe na mashindano. Weka kwenye flashi na mahali pengine pia. Na pasipoti, wazazi, msisubiri aitwe. Cheti cha kuzaliwa kinasumbua kuliko mnavyofikiria, jina la cheti liendane na jina la shule, herufi kwa herufi. Kuna wachezaji wameachwa safari kwa sababu huku ni Rehema huku ni Rehma.

Sasa maswali. Mwalimu kule nyuma.

Ndio, ameuliza mtoto asiye mrefu afanyeje. Mwalimu, timu ina watu 7 na wanaofunga ni 2 tu, GS na GA. Senta anakimbia kiwanja karibu chote, anataka mapafu na akili, mfupi mwenye kasi pale ni dhahabu, WA, winga wa mbele, vile vile. Msimfukuze. Ila senta na WA hawaonekani kwenye karatasi ya magoli, kwa hiyo huyo ndo anahitaji zaidi hiyo video, na anahitaji mwalimu anayeandika pasi za kuingia kwenye duara ni ngapi. Andika kwenye daftari, kila mechi.

Binti wa traksuti ya kijani. Sauti. Ameuliza mimi nina miaka 19 sijaenda chuo niko nyumbani nimechelewa? Hujachelewa. Nenda kwenye majaribio ya hizi timu za taasisi zinapotangaza, usisubiri kuitwa jina, na huku nyuma rudia mitihani uliyokwama hata kama ni masomo mawili kwa mwaka. Vyote viwili kwa pamoja, mazoezi asubuhi na daftari usiku. Ukipata timu omba ruhusa ya kusoma, timu nyingi za majeshi zinaruhusu watu wao wasome ukifuata taratibu, watu wengi hawaombi tu. Nipe namba yako nikitoka hapa.

Mama, wewe mwenye kilemba. Eeh. Eeh... anasema binti yake ametumiwa ujumbe na mtu anasema ni skauti wa timu ya nje na anataka picha za pasipoti na hela kidogo ya fomu. Mama usitume kitu, hata mia. Tukimaliza njoo na hiyo simu hapa mbele tuisome pamoja, na mwingine yeyote mwenye ujumbe kama huo aje nao, mi siondoki mpaka nimeona zote.